Magurudumu ya kufuata yenye enkoda: kwa nini roboti inasema imerudi nyumbani na haijarudi?

#1 Mwalimu_wa_Jioni (Houston)

Wakuu, heshima zenu.

Nasaidia kikundi cha vijana wa sekondari hapa Texas wanaoshindana kwenye FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti. Roboti yetu inatembelea magurudumu manne ya mekanamu, yale yenye rola za mshazari yanayoweza kwenda hata kiubavu. Rola zake zimelala nyuzi 45 na zinateleza mno, kwa hiyo enkoda za mota (vihisi vinavyohesabu mzunguko kwa tiki) haziaminiki ukitaka kujua roboti iko wapi. Ndiyo maana tumefunga chini yake magurudumu matatu madogo ya omni ya mm 48, yasiyo na mota. Kazi yao ni kuburuzwa na kuhesabu. Mawili yanatazama mbele na yameachana mm 300. La tatu limekaa kiubavu kwa nyuma. Enkoda ni za tiki 8192 kwa mzunguko mmoja, na kila podi, yaani gurudumu pamoja na enkoda yake, imekaa kwenye mkono unaobembea, umevutwa chini na springi.

Sasa kero. Tunaituma mita 1.2 mbele, kisha mita 1.2 kiubavu kulia, inageuka nyuzi 180 palepale, halafu inarudi ilikotoka kwa kufuata nyayo zake. Ikifika, skrini inaandika sifuri mbili za mahali na nyuzi 180 kamili za mwelekeo. Ukitazama sakafu, iko sm 6 pembeni na pua imepinda nyuzi 4 au 5. Kila mara upande uleule. Kipindi cha kujiendesha ni sekunde 30 tu, na sm 6 zinatosha kukosa kila kitu.

Tunataka kusanifu podi upya. Vijana wanasema tununue enkoda yenye tiki nyingi zaidi. Mimi nashikilia kwamba tatizo liko kwenye chuma na springi, si kwenye tiki. Waliotengeneza podi zao wenyewe mnasemaje?

#2 Kapteni_Omni (Arusha)

Naweka kambi hapa. Sisi tunaanza za kwetu mwezi ujao.

#3 BwanaHesabu (Dodoma)

Kuhusu tiki uko sahihi. Gurudumu la mm 48 lina mzingo wa mm 150.8. Gawanya 8192 kwa hiyo, unapata tiki 54 kwa kila milimita. Hata enkoda ya tiki 2000 ingekupa 13 kwa milimita. Kosa lako ni milimita 60, kwa hiyo kuongeza tiki ni kupoteza pesa.

Mimi naanza na kipenyo. Limeandikwa 48, lakini raba inalika, na uzito unalizamisha kidogo kwenye vigae vya povu vya uwanja. Likiwa 47.5 tayari una kosa la asilimia 1, yaani sm 3 kwenye mita 3. Tandaza tepu sakafuni, isukume roboti kwa mkono taratibu, linganisha na skrini, kisha rekebisha namba kwenye programu. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi.

#4 Dada_Beringi (Nairobi)

@BwanaHesabu hapo tunatofautiana. Kipenyo kikikosewa sawa kwa yote matatu, na vipimo vya podi vikiwa vimepatikana kwa kuzungusha roboti kwa magurudumu hayohayo, mita 1.2 ya kwenda inafupika na ya kurudi inafupika vilevile. Roboti itakosea kule mbali, lakini nyumbani itarudi. Mwalimu anasema haifungi duara, na tena imepinda. Kwa sharti hilo, kipenyo cha pamoja hakipindishi pua.

#5 BwanaHesabu

Kweli, la pamoja linafutika. Basi nasema hivi: vipenyo vya *kushoto na kulia* vikitofautiana. Tofauti ya nusu milimita ni asilimia 1. Kwenye safari yake ametembea mbele mita 1.2, na baada ya kugeuka 180 anarudi huku bado anatazama mbele, jumla mita 2.4. Asilimia 1 ya hiyo ni kama mm 25. Gawanya kwa 300 ya upana, unapata radiani 0.083, yaani nyuzi 4.8. Ndiyo zile zile za Mwalimu.

#6 Fundi_Mshazari (Mombasa)

Wakuu, nawasalimu. Hesabu ya #5 ni nzuri, ila magurudumu ya pakiti moja hayatofautiani nusu milimita kirahisi. Shika vernia upime, utaona. Mimi nakwenda kwenye unyoofu wa podi.

Gurudumu la omni lina rola pembezoni ili lisukumwe kiubavu bila kuzunguka. Hiyo ni kweli tu kama linatazama mbele sawasawa. Likipinda kidogo, kila mwendo wa kiubavu unaliibia sehemu. Chukua robo ya nyuzi. Kwa kila mita ya kiubavu gurudumu litahesabu mm 4.4 za uongo. Ni kidogo, na ingekuwa podi moja tusingelalamika. Lakini la kushoto likipinda ndani robo na la kulia likipinda ndani robo, moja linahesabu mbele na jingine linahesabu nyuma. Tofauti inakuwa mm 8.8 kwa mita. Programu haijui kupinda, inajua tofauti tu, na kwake tofauti ni mzunguko. Mita 2.4 za kiubavu zinatoa mm 21, ugawe kwa 300, hizo ni nyuzi 4.

Sasa jiulize robo ya nyuzi ni nini kwa mkono. Kwenye podi ya urefu wa mm 60 ni robo ya milimita. Tundu la bolti ya M4 likitobolewa 4.5 lina nafasi ya kutosha kukupa zaidi ya hapo kabla hujakaza nati. Kwa hiyo podi mpya zifungwe kwa pini mbili za kupanga zilizokaa mbali na nyingine, na bolti ibaki na kazi ya kubana tu. Unyoofu usitoke kwenye bolti.

#7 Kijana_wa_Kariakoo (Dar)

Fundi, mbona kosa hilo linajifuta? Akienda kulia linahesabu huku, akirudi kushoto linahesabu kule. Mwisho sifuri.

#8 Fundi_Mshazari

Mdogo wangu, rudi #1 usome polepole. Katikati kuna kugeuka nyuzi 180. Kulia kwa uwanja na kushoto kwa uwanja vyote vimekuwa kulia kwa roboti. Halijifuti, linajumlishana.

#9 Kijana_wa_Kariakoo

Nimeiona. Shikamoo fundi.

#10 Fundi_Mshazari

Marahaba. Mwalimu, jaribio lenyewe halina gharama. Zima mota, weka ubao ulionyooka sakafuni, sukuma roboti kiubavu ikiwa imeegemea ubao mita mbili, soma mwelekeo kwenye skrini. Mwili haujageuka, kwa hiyo chochote kinachoandikwa zaidi ya sifuri ni podi.

#11 Binti_Soketi (Minneapolis)

Kabla hamjamfungulisha roboti nzima, muulizeni waya zimechomekwa wapi.

Kwenye Control Hub, kompyuta ndogo inayoendesha roboti, kuna soketi nne za enkoda, 0 hadi 3. Kwa mujibu wa maelezo ya watengenezaji wake, REV, 0 na 3 zinahesabiwa na saketi maalumu, na 1 na 2 zinahesabiwa na programu ndani ya chipu. Enkoda ya mota inayotoa tiki chache haijali. Enkoda ya tiki 8192 kwenye gurudumu la mm 48, roboti ikienda mita 1.5 kwa sekunde, inatoa tiki zaidi ya 81,000 kwa sekunde. Kwenye 1 na 2 baadhi zinaweza kupita bila kuhesabiwa. Hapo ndipo enkoda ya tiki nyingi inageuka kuwa adui.

Na jingine. Ile kasi inayosomwa kutoka kwenye soketi imehifadhiwa kwa biti 16, inaishia 32,767. Ukipita hapo namba inageuka hasi. Mahali hapakosei, kasi ndiyo inakosea, lakini kama programu yako ya kufuata njia inatumia kasi, breki zitakuwa za ajabu.

#12 Mwalimu_wa_Jioni

Asanteni sana. Majibu mafupi:

Vernia: 47.9 na 47.9, la ubavuni 48.0.

Soketi: podi ya kushoto ilikuwa kwenye 1. Tumeihamishia 3, ya ubavuni tumeipeleka 1. Kosa limeshuka kidogo, kama sm 5. Pua bado imepinda.

Ubao: tumetumia bomba la alumini la mraba. Kwa mita mbili skrini inaandika karibu nyuzi 2. Fundi, kuna kitu, ila ni nusu tu ya tunachokiona roboti ikijiendesha.

Kasi: tukiiendesha nusu kasi kosa linapungua sana, ingawa haliishi.

#13 Dada_Beringi

Hapo kwenye kasi umesema jambo. Podi iliyopinda haijali kasi. Iliyopinda ni iliyopinda, uende polepole au mbio. Kosa likipungua kwa mwendo wa pole, kuna kinachoteleza au kinachoruka.

Mekanamu ikianza kiubavu kwa nguvu, mwili unalala. Upande mmoja unainuka, na podi ya upande huo springi yake ikiwa legevu gurudumu linagusa kwa kuombaomba. Chukua ukanda wa karatasi, upitishe chini ya kila gurudumu la kufuata roboti ikiwa imesimama, uvute. Ukitoka kirahisi, hakuna mgandamizo. Halafu mtu mmoja ainue kona ya roboti milimita tano, urudie.

Ila msikimbilie springi ya pikipiki. Kila gramu unayoipa podi umeiondoa kwenye magurudumu ya kuendesha. Nimeona roboti ambayo springi za podi zake zilikuwa na nguvu hadi mekanamu zikawa zinazunguka hewani kona moja. Namba zilikuwa safi kabisa, roboti haitembei.

#14 Mzee_wa_Theodolaiti (Morogoro)

Nimepima barabara miaka mingi. Lile gurudumu la mpini tunalolisukuma barabarani kupima urefu lina ugonjwa huohuo. Kwenye lami ni kweli, kwenye changarawe linapanda na kushuka kila kokoto na linakupa urefu zaidi ya uliopo. Halijawahi kutoa pungufu isipokuwa likiruka. Kwa hiyo nawauliza vijana: hizo namba zinazidi au zinapungua? Likizidi tafuta matuta. Likipungua tafuta kuruka.

#15 Binti_Soketi

Swali zuri sana mzee. Na vigae vya povu vina maungio yenye meno, kila sm 61 hivi. Omni ya safu moja ya rola ina mapengo, inagonga kila ungio. Ya safu mbili inapita laini zaidi ila ni nene, na sehemu inayogusa inahama kutoka safu hii kwenda ile. Upana wa mm 300 unakuwa 297, unakuwa 303.

#16 BwanaHesabu

Hiyo ya upana ina hesabu yake. Kosa la mm 1 kwenye 300 ni theluthi moja ya asilimia, sawa na nyuzi 1.2 kwa mzunguko kamili, 0.6 kwa nusu mzunguko. Mwalimu kageuka nusu. Ili kupata nyuzi 4 za upana peke yake lazima awe amekosea mm 7, na hilo angeliona kwa rula. Hata hivyo upana usipimwe kwa rula. Zungusha roboti kwa mkono mara kumi ukiirudisha kwenye alama, soma tofauti ya kushoto na kulia, gawanya kwa jumla ya pembe kwa radiani. Namba inayotoka ndiyo upana, hata kama rula inakataa.

#17 Kapteni_Omni

Mimi naomba kuuliza la kitoto. Kwa nini hiyo mikono ya kubembea? Nimeona wengine wana podi inayoshuka wima.

#18 Fundi_Mshazari

Si la kitoto hata kidogo, na ndilo ningelibadilisha kwanza.

Mkono ukibembea, mwili wa enkoda unabembea nao. Enkoda inasoma gurudumu dhidi ya mkono. Haisomi gurudumu dhidi ya roboti. Mkono ukishuka nyuzi 10 bila roboti kusogea hata nywele, enkoda inaona nyuzi 10. Kwenye gurudumu la 48 hizo ni mm 4.2 za bure. Dawa ni mikono miwili sambamba, mmoja juu mmoja chini, ili podi ipande na kushuka bila kuzunguka. Watengenezaji goBILDA wana zote mbili, ya mkono mmoja yenye gurudumu la 48 na ya mikono sambamba yenye la 32. Ya kushuka wima kwenye reli nayo ni sawa, ila reli ikiwa na mchezo unarudi kwenye robo ya nyuzi niliyoisema #6.

#19 Dada_Beringi

Fundi nakubali hesabu, nakataa hitimisho. Zile mm 4.2 zinarudi mkono ukirudi. Mwanzo na mwisho roboti imesimama kwenye sakafu ileile, mkono uko pembe ileile, jumla sifuri. Mkono mmoja una beringi mbili tu. Mikono sambamba ina viungo vinne, na kila kiungo kina mchezo wake. Unaponya kosa linalojifuta kwa kuleta lisilojifuta.

#20 Fundi_Mshazari

Zinarudi kwenye hesabu ya tiki, hazirudi kwenye mahali. Wakati mkono uko chini programu ilidhani roboti imegeuka, ikairekebisha, na masahihisho hayo yakafanywa kwa mwelekeo usio wa kweli. Ukienda kiubavu mita moja huku mwelekeo ukiwa nyuzi 1 pembeni, umetoka mm 17 nje ya mstari. Tiki zikijirudi baadaye, mm 17 hazijirudi.

#21 Dada_Beringi

Kwa sharti mkono umeshuka muda wote wa mita hiyo. Ukigonga ungio ni sehemu ndogo ya sekunde.

#22 Fundi_Mshazari

Mwili wa mekanamu unalala muda wote wa kiubavu. Umesema mwenyewe #13.

#23 Kijana_wa_Kariakoo

Hapa nimekaa na kahawa.

#24 Jairo_Imara (Muscat)

Mnasumbuka na gurudumu la tatu la nini? Toeni moja, mbaki na mawili, moja la mbele na moja la ubavu, mwelekeo usomwe kwenye jairoskopu. Control Hub zote zina chipu ya jairoskopu ya BNO055 ndani.

#25 Binti_Soketi

Si zote. Za zamani ndizo zenye BNO055. Za kuanzia 2022 hivi zina BHI260AP, na kwenye programu lazima useme ni ipi.

Ila wazo lenyewe naliunga mkono. Kupinda kwa podi hakugeuki tena kuwa mzunguko, kunabaki milimita chache tu. Shida ni muda. Kuisoma jairoskopu kwa waya wa I2C kunachelewesha kila mzunguko wa programu, na roboti ikigeuka haraka unasoma mwelekeo uliokwisha kupita. Ndiyo maana goBILDA walitoa Pinpoint. Podi mbili zinaingia moja kwa moja kwenye kibao kidogo cha saketi chenye jairoskopu yake, kinahesabu mahali chenyewe takriban mara 1500 kwa sekunde, na Control Hub inapokea jibu tu.

#26 BwanaHesabu

Na mkiondoa la tatu msisahau hili: gurudumu la ubavu lililo nyuma linahesabu roboti ikigeuka papo hapo, kwa sababu linafagia tao. Umbali wake kutoka katikati ukiwa mm 150, kugeuka nyuzi 180 kunaliandikia mm 471 za uongo ambazo programu lazima izitoe. Ukikosea umbali huo kwa mm 5, unabaki na karibu mm 16. Mwalimu, hili umelipima? Hata kwa magurudumu matatu linahusu.

#27 Mwalimu_wa_Jioni

Tulichukua kwenye mchoro wa kompyuta, mm 148. Hatukuthibitisha kwa kuzungusha. Tutafanya kesho.

#28 Mzee_wa_Theodolaiti

Katikati ya nini? Ya fremu, au ya mahali roboti inapozungukia? Kwa mekanamu zenye uzito usio sawa, hizo ni sehemu mbili.

#29 BwanaHesabu

Mzee, kwa hesabu hii unachagua nukta yoyote mwilini, mradi umbali wote upimwe kutoka nukta hiyohiyo. Pale inapozungukia kweli hapaharibu kitu.

#30 Mzee_wa_Theodolaiti

Sawa. Ila vijana wakipima kwa kuzungusha kwa mkono wakidhani wanazunguka katikati na hawazunguki, watapata namba ya nukta nyingine.

#31 BwanaHesabu

Kwa gurudumu la ubavu uko sahihi mzee, nukta uliyochagua lazima ibaki palepale unapozungusha; kwa upana hapana shida, tofauti ya kushoto na kulia haijali inazungukia wapi. Ile ya mara kumi na alama niliisema kwa upana.

#32 Mama_Nozeli (Dar)

Nimechelewa. Podi mmechapisha kwa printa ya 3D? Kwa plastiki gani? PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Roboti ikisafiri ndani ya gari lililofungwa juani, springi imeuvuta mkono muda wote, podi inaweza kufika imepinda na macho yasione. Chapisha kwa PETG, au kata bamba za alumini ukutani mwa podi na uache plastiki kwenye vipande vya kutenganisha bamba tu. Na mnaposafiri, legezeni springi.

#33 Mwalimu_wa_Jioni

Ni PLA. Na Houston si mahali pa baridi.

#34 Kapteni_Omni

Kwa sisi wa huku, beringi na springi tunapata wapi?

#35 Dada_Beringi

Nairobi ni Luthuli Avenue kwa vitu vya umeme. Beringi ndogo tafuta kwa wauza vipuri vya printa za 3D, saizi za 623 na 625 ziko. Nunua zilizofungwa kwa chuma pande mbili, povu la uwanja linatoa vumbi la kunata.

#36 Kijana_wa_Kariakoo

Kariakoo nakuletea springi za kila saizi kaka, njoo tu na podi mkononi. Omni za mm 48 ndizo sijawahi kuona dukani, hizo agiza.

#37 Jairo_Imara

Au acheni magurudumu kabisa. SparkFun wana kihisi kinachosoma sakafu kwa mwanga, OTOS, kinakaa kama sentimita 1 juu ya povu. Hakina springi, beringi wala kupinda.

#38 Fundi_Mshazari

Kina urefu wake wa kukaa juu ya sakafu, na Dada Beringi ameshasema mwili unalala. Tatizo mmelihamisha tu.

#39 Dada_Beringi

Leo umenikubali mara mbili, niandike tarehe.

Mwalimu, kabla hujachora podi mpya, weka mizani ya jikoni chini ya kila mekanamu, kona nne, na vibao vya unene uleule chini ya podi na mekanamu nyingine ili podi ziendelee kugusa, utuletee uzito. Rudia ukiwa umezifunga podi juu ili zisiguse. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo nguvu ya springi zako, na kona nyepesi ndiyo itakayonyanyuka. Kisha rudia jaribio la bomba la alumini, safari hii mtu akikandamiza upande mmoja wa roboti kwa mkono wakati mwingine anasukuma. Kama zile nyuzi 2 zitapanda, mimi na Fundi tuna kazi ya kuendelea.

#40 Mwalimu_wa_Jioni

Mizani ninayo. Jumamosi vijana wanakutana saa nne asubuhi. Nitaleta kona nne, umbali wa ubavuni kwa kuzungusha, na jibu la swali la Mzee kama tiki zinazidi au zinapungua.